Kwenda Matema na marafiki: namna ya kufika ufukwe mtulivu na kuuacha na utulivu wake

Rafiki akiniambia anataka kwenda Matema na wenzake, namuuliza kwanza: mko wangapi? Wakiwa sita au saba, naanza kumwelekeza. Wakiwa thelathini na basi la kukodi na spika mbili kubwa, namsihi wajigawe waende kwa zamu. Sina nia ya kumnyima mtu ziwa. Ila ule ukimya unaowavuta watu kwenda kule una wenyewe: wavuvi waliorudi alfajiri na wamelala, kina mama wanaoanika usipa (dagaa wa Nyasa), watoto wanaochota maji ya kupikia. Sisi wa Mbeya, Tukuyu, Iringa na Njombe ndio wageni wa karibu zaidi wa ufukwe ule, na tukiuharibu sisi hatutakuwa na wa kumlaumu.

Matema iko wilaya ya Kyela, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na kuingia majini moja kwa moja. Upande wa magharibi nchi ni tambarare ya mpunga na mikakao. Katikati ndipo penye mchanga.

Kuhusu huo mchanga, niseme ukweli mapema, kwa sababu kuna watu hufika na picha za Nungwi kichwani. Mchanga mweupe wa Zanzibar ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Wa Matema ni mawe ya milimani yaliyosagwa na mito na kutandazwa na mawimbi. Jua la mchana likiupiga ukiwa mkavu, hung'aa mpaka unafumba macho. Ukilowa, unageuka rangi ya majivu yenye hudhurungi. Mimi naupenda hivyo hivyo. Mguu ukizama unasikia punje zake, na haukuachii chumvi mwilini.

Hatua ya kwanza: chagueni mwezi, kisha mwangalie mwezi wa angani

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Machi, Aprili na Mei mvua hunyesha kama mtu amefungulia bomba, mito hujaa tope, na mbu huwa wengi. Msiende miezi hiyo.

Juni hadi Agosti hewa ni nzuri, lakini ndio msimu wa mwera, upepo wa kusini. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Wimbi lililoanza kusukumwa mbali huko kusini halikutani na kizuizi mpaka lifike miguuni penu. Siku ya mwera mtasikia ngurumo usiku kucha na mtadhani mko Bahari ya Hindi. Kwa kutazama ni pazuri mno. Kwa kuogelea na kupanda mtumbwi, hapana.

Mimi napenda Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba. Mwera umetulia, mvua hazijaanza, na kina cha ziwa kimeshuka. Maji ya Nyasa hupanda baada ya masika na kushuka kuelekea mwisho wa mwaka, na tofauti inaweza kufika mita moja hivi. Kwenye ufukwe ulioinama taratibu, mita moja ya kina ni hatua nyingi za mchanga mlizoongezewa bure. Joto lake lakini ni kali, mjiandae.

Kisha mwangalie mwezi wa angani. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza mitumbwi huingia ziwani mingi na taa zake hutandaa kwenye maji hadi mtu asiyejua anauliza ule ni mji gani. Siku za mwezi mpevu samaki hawaifuati taa, wavuvi wengi hupumzika, na ninyi mnapata mchanga unaowaka kwa mwanga wa mbalamwezi. Vyote viwili vizuri. Ila anayetaka usipa wabichi asubuhi aende wakati wa giza.

Na kama mnaweza, pangeni Jumamosi iwe katikati ya safari. Sababu nitaieleza chini.

Hatua ya pili: mizigo

Mtu wa Mbeya hupakia kama anaenda mahali pengine pa Mbeya, yaani masweta. Kyela iko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, wakati sisi tunaishi kwenye mita 1,700. Jaketi moja la njiani linatosha. Kinachohitajika ni hivi: kanga au shuka nyepesi kila mtu, kandambili, kofia, tochi, dawa ya kujipaka ya mbu, na chandarua kwa kila hema au kitanda ambacho hakina. Malaria ya Kyela si ya kuifanyia mzaha, na mwili uliozoea baridi ya juu hauijui sana. Anayesafiri na mjamzito au mtoto mdogo aende hospitali kuuliza kabla ya safari.

Chukueni pesa taslimu ya noti ndogo ndogo. Mama anayeuza ndizi hana chenji ya elfu kumi, na si vema kumwachia kazi ya kuzunguka kijiji kuitafuta. Chukueni pia viroba viwili vitupu vya unga kwa ajili ya taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini chupa za maji na pakiti za biskuti bado zipo, na ndizo zinazobaki ufukweni.

Msibebe chakula chote kutoka nyumbani. Niliwahi kusafiri na kundi lililobeba mpaka mchele. Mchele, kupeleka Kyela! Tulijaza gari, tukamaliza siku mbili bila kununua hata fungu la nyanya pale kijijini, na nikajiona tumekuja kuchukua tu mandhari na kuondoka.

Hatua ya tatu: njia

Wanaotoka Iringa, Mafinga au Makambako walale Mbeya au Tukuyu, waanze asubuhi. Kutoka Mbeya mjini, kosta za Kyela zinapatikana stendi ya Nane Nane. Wenye gari wanakata Uyole kuelekea Tukuyu.

Barabara inapanda kwanza. Isyonje mtakuta ukungu mzito hata saa nne asubuhi, washeni taa na mwende pole. Kuanzia hapo ni kushuka: Kiwira, Tukuyu, mashamba ya chai, migomba, halafu joto linaanza kuingia dirishani. Mnashuka zaidi ya mita 1,500 ndani ya masaa machache, na malori ya Kasumulu yanayokwenda Malawi yako mbele na nyuma yenu. Dereva ashuke kwa gia, asikanyage breki njia nzima mpaka zinuke. Hili nalisema kwa uzito: msimpe usukani mtu ambaye hajawahi kushuka mlima na gari lililojaa.

Kabla ya Kyela mjini, pale Kikusya, mnakata kwenda Ipinda na Matema. Ni lami, kama kilomita 39. Njia hii ifurahieni. Kakao huanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, michikichi imejipanga, na mpunga uko pande zote. Simameni Ipinda mnunue mchele, mawese, nyanya na vitunguu. Wasio na gari wateremke Kyela, kisha watafute gari la Matema. Asubuhi yapo, jioni ni kubahatisha, kwa hiyo jitahidini mfike Kyela kabla ya saa nane mchana.

Hatua ya nne: mkifika, msikimbilie majini

Hapa ndipo safari inapoharibika au inapotengenezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zipo nyumba za wageni pale Matema, mojawapo ni ya kanisa la Kilutheri, na ukilala kwao mambo mengi yanakuwa rahisi. Mnaotaka kupiga hema kwenye ufukwe wazi, mbali na nyumba hizo, nendeni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Waulizeni mtendaji au mwenyekiti ni wapi panaruhusiwa, na kama kuna mchango wa kijiji, toeni na mchukue risiti. Kipande cha mchanga unachokiona kitupu saa tisa mchana, saa kumi na mbili asubuhi huwa ni bandari ya mtu.

Kisha salimieni. Wanyakyusa hawasalimii kwa haraka. Shikamoo kwa kila aliyewazidi umri, na asubuhi mkijaribu "mugonile" mtaona uso unavyofunguka hata kama matamshi yenu ni ya Iringa. Asante yao ni "ndaga", na ikizidi, "ndaga fijo".

Safari yangu ya kwanza tulikuwa watano, vijana, tukatupa mabegi chini na kuanza kukimbia kuelekea magharibi mwa ufukwe, ambako tuliona pametulia zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alituita.

"Wajukuu zangu, mnaenda wapi?"

"Kuogelea, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Huko mnakoelekea mto unaingia ziwani. Huko wako wenyewe."

Hakutaja mamba. Hatukuhitaji kutajiwa. Tulikaa naye karibu saa nzima, akatuonyesha watoto wa kijiji wanaogea wapi, akatueleza kwa nini kipande kile na si kingine. Tangu siku ile, kabla sijavua viatu natafuta mtu mzima wa pale wa kumsalimia.

Mambo matatu mengine ya ugeni. Msiruke wavu uliotandazwa, uzungukeni. Msikanyage wala kuweka mkeka karibu na usipa walioanikwa, maana hicho ni chakula na ada ya shule. Na msipige picha sehemu ambayo watu wanaoga au kufua, hata kama mlima nyuma yao umependeza kiasi gani. Kwa wengi pale ziwa ndilo bafu lao, na bafu la mtu halipigwi picha.

Hatua ya tano: kuogelea

Maji ni baridi kidogo asubuhi na vuguvugu mchana, na ni masafi mpaka unaona vidole vya miguu. Hakuna kupwa wala kujaa, kwa hiyo wale wa Dar watakaouliza maji yanarudi saa ngapi waambieni hayajaenda popote. Hakuna chumvi pia, na hii ina maana yake: maji ya bahari hukubeba, maji baridi hayakubebi vile. Rafiki aliyejifunza kuogelea Bagamoyo atashangaa anachoka mapema. Abaki panapomfika kifuani mpaka azoee.

Kaeni mbali na midomo ya mito, hasa Lufilyo upande wa magharibi, na popote penye matete. Mamba na kiboko hupenda hapo. Upande wa mashariki, kadiri unavyoikaribia milima ndivyo maji yanavyokuwa na kina kirefu ghafla. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700 sehemu zake za ndani kabisa, na ukuta wa Livingstone unaendelea kushuka chini ya maji kama unavyopanda juu. Asiyejua kuogelea asivutwe upande huo na uzuri wa mawe.

Halafu kichocho. Kipo Ziwa Nyasa, na watu hawapendi kukisikia wakiwa na furaha. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, huingia kwa kupenya ngozi, na husambaa zaidi jua likiwa kali. Kwa hiyo ogeleeni penye mchanga mtupu na mawimbi, si kwenye vidimbwi na majani. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, lakini si kinga kamili. Na msiache mtu yeyote kwenye kundi akajisaidie majini au kando yake, kwa sababu hivyo ndivyo ugonjwa unavyozungushwa kutoka kwa mtu kwenda kwa konokono na kurudi kwa mtu. Tumieni choo. Kama hakuna karibu, ombeni nyumba ya jirani, na mwachieni mwenyewe kitu cha shukrani.

Sabuni nayo ibaki nje ya ziwa. Chota ndoo, panda juu mchangani, oga huko.

Siku nyingine mtaona mbali juu ya maji kitu kama moshi mweusi uliosimama wima, wakati hakuna kinachoungua. Ni vijidudu vya ziwani virukavyo, si vile vya kichocho, mamilioni kwa mamilioni, vimetoka majini vyote kwa wakati mmoja. Upepo ukivileta kwenu, funikeni sufuria na mfunge midomo, vitapita.

Hatua ya sita: Lyulilo na Ikombe

Jumamosi ndiyo hii. Ukifuata ufukwe kuelekea milimani, kwa mwendo wa nusu saa hivi unafika Lyulilo, na Jumamosi pana soko la vyungu. Vyungu hivyo ni kazi ya mikono ya kina mama wa Kikisi, wanaoishi kando ya ziwa chini ya milima, Ikombe na kuendelea. Udongo hufinyangwa kwa mkono, hupambwa kwa rangi nyeupe na nyekundu ya udongo, huchomwa, halafu husafirishwa kwa mitumbwi. Ukinunua chungu sokoni Mbeya, kuna uwezekano mkubwa kimepita hapa, na bei imepanda kila kilipobebwa.

Nendeni mapema. Nunueni bila kuwakamua. Mwanamke aliyefinyanga, akachoma na kupiga kasia na vyungu arobaini kwenye mtumbwi hastahili kubishiwa shilingi mia tano na mtu aliyekuja kutembea.

Wanaotaka kuona vinavyotengenezwa waende Ikombe. Kuna njia ya miguu kando ya mlima na kuna mtumbwi. Miguu inahitaji viatu vinavyoshika mawe. Mtumbwi unahitaji masharti haya, na msiyalegeze hata moja: mpatane nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, nahodha awe mtu wa pale aliyetajwa na kijiji au na wenyeji wenu, muondoke asubuhi na kurudi kabla ya mchana, kwa sababu upepo huamka baadaye, kila mmoja awe na jaketi la kujiokolea, na nahodha akisema leo hapana, iwe hapana. Msimwongezee pesa ili abadili mawazo. Yeye analisoma ziwa, ninyi mnaisoma saa.

Njiani mtapita chini ya mlima ulioinuka juu ya vichwa vyenu mpaka shingo inauma. Kuna vipande vidogo vya mchanga kati ya mawe, vingine havina hata nyayo. Mkiomba, nahodha atawasimamisha. Hapo ndipo mahali pa kukaa kimya nusu saa, simu zikiwa ndani ya begi. Kundi langu huwa hatuambizani tukae kimya. Tunajikuta tu hakuna anayesema.

Ikombe ni kijiji, si maonyesho. Salimieni, ulizeni nani anafinyanga leo, ombeni ruhusa ya kutazama, na mkitazama nunueni hata kibakuli.

Hatua ya saba: jioni na usiku

Samaki mnunue kwa mvuvi au mwachieni mama wa pale awapikie. Mbasa akipatikana msifikirie mara mbili: nyama yake ni tamu, ina miiba, na akichomwa kwa mkaa, chumvi na ndimu tu vinatosha. Usipa wabichi wakaangwe wakauke, waliwe na wali wa Kyela ambao harufu yake inawaita watu kabla sufuria haijafunuliwa. Ndizi za kupika zilizotiwa mawese zikae pembeni.

Kuni mnunue, msikate. Moto uwe mdogo, kwenye mchanga mtupu, na asubuhi uzimwe kwa maji na majivu yazikwe. Ukizika makaa yenye moto, mtoto wa mwenyeji atakanyaga.

Muziki usizidi mduara wenu. Jua huzama upande wa tambarare na maji huchukua rangi ya chungwa, halafu giza likiingia taa za usipa zinaanza kuwaka moja moja. Jukumu lenu hapo ni chandarua tu. Asubuhi msishangae kukikuta kivuli bado kimekaa ufukweni, kwa sababu jua lina mlima mzima wa kupanda kabla ya kuwafikia. Ndio muda mzuri kuliko yote wa kutembea.

Hatua ya nane: kuondoka

Pangeni mstari, mtembee eneo lote mlilokaa, mkiokota vyenu na vya waliotangulia. Viroba vya taka vipande gari, vishuke nanyi mpaka mjini. Msiviachie kijiji, hakina gari la kuzoa taka. Vyungu vifungeni kwenye mablanketi na kuvipakata. Buti la gari huvivunja, mimi nimevunja viwili hivyo. Mkamuage mzee mliyemsalimia siku ya kwanza.

Mwisho, wekeni tarehe. Baada ya miezi miwili au mitatu kila aliyeingia majini akapime kichocho hospitali, hata kama hana dalili. Dawa yake ipo na hupimwa kwa uzito wa mwili. Sisi tarehe hiyo huiandika kwenye kundi letu la WhatsApp tukiwa bado Ipinda, kwa sababu tukishafika Isyonje na kuvaa majaketi, hakuna anayekumbuka tena kwamba juzi alikuwa majini.